Dirisha Lililolia Kitale

Kuna watu Kitale ambao mpaka leo wakisikia mtoto mchanga akilia karibu na kompyuta, huangalia skrini kwanza, mama baadaye. Wana sababu. Walikuwa ndani ya lile hema Ijumaa ile ya Novemba, mwaka 2006, kwenye maonyesho ya wakulima. Na wale ambao hawakuwamo nao husema walikuwamo, hivi kwamba hema la viti mia mbili sasa lina mashahidi elfu nne, na kila mmoja alikaa mstari wa mbele.

Aliyekaa mstari wa pili, kwa hakika, alikuwa Phelista wa Kanduyi, mkoba mapajani, miguu imekunjwa kama mtu aliyekuja kanisani mapema.

Phelista alikuwa mstaafu. Miaka kumi na tisa alitaipa barua katika ghala la nafaka, kwa kasi ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, ilikata utepe wa taipureta mara mbili na mara ya tatu ikatoa moshi. Alipostaafu, badala ya kufuga kuku kama wenzake, alijifundisha kuandika programu za kompyuta. Kitabu alikipata sokoni Bungoma. Alinunua karanga, akafungua karatasi iliyofungiwa, akaona ni ukurasa wa 212 wa kitabu cha lugha ya C. Akarudi akanunua za pili. Ukurasa wa 213. Siku hiyo alinunua karanga mpaka muuzaji akamwuliza kama ana arusi. Jirani zake walikula karanga wiki tatu. Ukurasa wa 88 peke yake hakuupata, na yeye hushikilia kwamba lolote asilolijua kuhusu kompyuta limeandikwa hapo.

Kwa kitabu hicho aliandika programu aliyoiita Gunia. Mkulima analeta mahindi, gunia linawekwa kwenye mizani, programu inaandika uzito, unyevu na namba ya mkulima, kisha inatoa risiti. Hakuna karani wa kusema "rudi kesho". Ilimchukua mwaka na miezi miwili. Juu ya dirisha la programu, kwenye ule ukanda wa bluu, aliandika: GUNIA – PHELISTA. Aliuangalia ukanda ule siku nzima akasahau chai jikoni, sufuria ikaungua ikabaki nyembamba kama jani la kabichi.

Kosa lake lilikuwa moja. Alimpelekea Wakoli.

Wakoli alikuwa bosi wake ghalani, mtu wa tai fupi na sauti ndefu. Alipostaafu alifungua chuo kidogo cha kompyuta Kitale, ghorofani juu ya duka la mbegu, ingawa yeye mwenyewe alitaipa kwa kidole kimoja na kile kidole kilikuwa kinakosea. Kwa miaka yote kumi na tisa hakuwahi kumwita Phelista kwa jina. Alimwita Mama Taipu. "Mama Taipu, lete barua. Mama Taipu, futa, rudia." Phelista alizoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Basi alimpa Gunia kwenye flash, wakati ule flash ikivaliwa shingoni kama medali, akamwomba aijaribu na wanafunzi wake. Wakoli akasema ataiangalia akipata nafasi.

Nafasi aliipata. Mwezi wa nne Phelista alienda Naitiri, kwenye siku ya wakulima, kumsindikiza jirani yake Pauline aliyekuwa akitafuta miche ya parachichi. Chini ya turubai akaona kompyuta, mizani, na watu wamemzunguka Wakoli. Akasogea. Kwenye skrini kulikuwa na vitufe vyake. Rangi yake ya kijani. Hata lile kosa dogo la kuandika unyevu wa asilimia 13 kuwa 13.00001, ambalo alikuwa hajalirekebisha, lilikuwapo, limekaa pale linamtazama. Lakini juu, kwenye ukanda wa bluu, kumeandikwa: WAKOLI GRAIN MASTER.

"Bwana Wakoli," Phelista akasema polepole, "hii si Gunia?"

"Aa, Mama Taipu! Karibu, karibu. Hii ni Grain Master. Si unaweza kusoma hapo juu?"

"Hapo juu nimesoma. Ndani ni yangu."

Wakoli akacheka huku akiwatazama watu, ili nao wacheke. "Ati ndani! Tuambiane ukweli bana. Nani alisema ghala linahitaji kompyuta? Si ni mimi? Wazo ni langu. Wewe ulitaipa tu."

Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya, ni vile mtu mwenye tai akicheka wengine hufuata. Pauline akamshika Phelista mkono. "Twende, dada. Twende tuone parachichi."

Parachichi Phelista hakuziona. Ulitaipa tu. Maneno hayo yalimkaa kifuani kama mwiba wa omena. Alienda moja kwa moja kwa Rotich, katibu wa chama cha wakulima, mtu mpole wa miwani, akamweleza. Rotich akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, mimi nakuamini nusu," akasema. "Lakini jina lililo kwenye kompyuta ni la Bwana Wakoli. Na kwenye maonyesho ya Novemba kamati itachagua programu ya maghala yetu yote kumi na mawili. Ikishachaguliwa, jina lililoko juu ndilo litakaa kila ghala. Kama una ushahidi, uje nao kabla ya siku hiyo. Ama siku hiyo yenyewe."

"Nitakuja nao siku hiyo yenyewe," Phelista akasema.

Wakarudi Kanduyi, wakafika mlangoni kwake. Hapo akamwambia Pauline: "Atalitaja jina langu. Kwa mdomo wake, mbele ya watu, na kwa kipaza sauti. Nisipomfanya hivyo, niite Mama Taipu mpaka kaburini."

Sasa, ili mtu aelewe alichofanya, ni lazima ajue dirisha la kompyuta linavyozaliwa. Halichipuki tu kama uyoga. Programu ikitaka dirisha, huenda kwanza kwa Windows, ambayo ndiyo kama ofisi ya chifu, na kujaza fomu. Dirisha hili ni la aina gani? Mshale ukipita juu yake uwe na sura gani? Rangi ya nyuma? Na swali kubwa kuliko yote: dirisha hili likiambiwa jambo, nani atajibu? Fomu ya kwanza ikishapokelewa, inajazwa ya pili. Litakuwa na mpaka, au halina? Litakuwa na kile kitufe cha X cha kulifunga? Litaonekana kwenye mstari wa chini pamoja na wenzake? Lirudi nyuma wengine wakibofywa, au likae juu ya wote daima?

Phelista alikuwa amejaza fomu za watu maisha yake yote. Alipofika kwenye kurasa hizo za karanga alicheka peke yake, kwa sababu aligundua jambo ambalo hakuna ofisi ya serikali ingelikubali: Windows inaamini kila unachoandika. Haiombi kitambulisho, haisemi ulete barua ya mzee wa mtaa. Ukitangaza "mimi hukaa juu ya wenzangu", inakuweka juu. Ukitangaza "mimi sina kitufe cha kufungia", inakunyima kitufe, na hakuna atakayekuwekea.

Na Wakoli je? Wakoli alikuwa na kale kaprogramu ka kubadilisha maandishi na picha za programu za wengine. Angeweza kubadilisha ukanda wa juu na ile picha ndogo ya gunia. Fomu za ndani hakujua hata kama zipo. Alikuwa kama mtu aliyeiba ng'ombe akampaka rangi, akasahau kwamba ng'ombe huyo bado anajua njia ya kwao.

Miezi sita Phelista alikaa mezani. Aliandika dirisha jipya ndani ya Gunia, dirisha la pili ambalo halikuonekana. Likiamshwa, lingejitangaza hivi: sina mpaka, sina X, sipo kwenye mstari wa chini, ukubwa wangu ni skrini nzima, mahali pangu ni juu ya wote. Mtu akiliendea kwa Alt na F4, vile vitufe vya kufunga, Windows ingeliletea ujumbe wa kufunga, nalo lingejibu kwa adabu kwamba limesikia, halafu lisifanye lolote. Likitokea dirisha jingine lenye kiburi nalo linalotaka kukaa juu, hili lingejipandisha tena kila nusu sekunde.

Halafu akalipa sauti. Pauline alikuwa na mjukuu wa miezi miwili huko Kibabii, mtoto ambaye mapafu yake yalisifiwa tarafa nzima; akianza kulia, ng'ombe wa jirani walikuwa wakiacha kutoa maziwa na wahubiri wa mkutano wa nje walikuwa wakiongeza betri. Phelista alienda na maikrofoni ndogo, akangoja mtoto akose ziwa dakika moja tu, akarekodi.

"Dada, unataka kumfanya nini huyo mzee?" Pauline aliuliza akimbembeleza mjukuu.

"Hakuna. Nataka kumpa mtoto. Si alisema ni wake?"

Na kwa sababu Phelista hakuwa mtu wa kuonea, aliweka masharti mawili. La kwanza, dirisha liamke Ijumaa ya maonyesho tu, siku nyingine yoyote lilale. La pili, likishaamka litazame kwanza ukanda wa bluu. Likikuta pameandikwa jina la Phelista, lirudi kulala na lisiamke milele.

Wiki moja kabla ya maonyesho alivaa gauni lake la kanisani akapanda ngazi za chuo cha Wakoli, Kitale.

"Bosi," akasema, sauti imelainika kama uji, "nimekuja kuomba radhi kwa yale ya Naitiri."

Wakoli akanyoosha tai. "Tulisahau, Mama Taipu. Tulisahau kitambo."

"Na lile kosa la unyevu nimelirekebisha. Nikasema si vizuri uende mbele ya kamati na kosa." Akaweka flash mezani. "Ukiionyesha, bosi, acha jina langu hapo juu. Naomba hilo tu. Hata likiwa dogo."

"Bila shaka! Kwani mimi ni mtu wa aina gani?" Wakoli akaichukua flash kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea sakramenti.

Phelista akashuka ngazi akihesabu. Alikuwa bado hajafika barabarani aliposikia, kupitia dirisha la juu, Wakoli akimwita mwalimu wake wa zamu: "Leta ile kitu ya kubadilisha majina!"

Ijumaa ikafika. Hema limejaa. Kwenye meza ya mbele kuna kompyuta, projekta, mizani na magunia matatu ya mahindi. Waya wa sauti wa kompyuta umeunganishwa na spika kubwa za hema, zilezile za kipaza sauti, kwa sababu Wakoli alikuwa ameweka muziki wa kumkaribisha yeye mwenyewe. Tena alikuwa amepanga programu ijifungue yenyewe mara tu kompyuta inapowashwa, ili watu wasione kitu chochote kabla ya kuona jina lake.

Rotich akasimama akakaribisha. Wakoli akashika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana. Nilipokaa chini kuandika programu hii, miaka mitatu usiku na mchana..."

Phelista alikuwa akiangalia saa yake. Ndani ya lile dirisha alikuwa ameandika liamke saa tano kamili.

"...nilijiuliza, mkulima anataka nini?"

Skrini ikawa nyeupe. Nyeupe kabisa, kutoka ukingo hadi ukingo. Grain Master ikapotea, mstari wa chini ukapotea. Katikati yakatokea maneno meusi: MTOTO ANALIA. MWITE JINA. Chini yake, kisanduku cha kuandikia.

Halafu mjukuu wa Pauline akafungua mdomo.

Wanasema kwenye kibanda cha ng'ombe wa gredi, mita mia tatu kutoka hapo, fahali aliyepata tuzo alikaa chini. Hilo sina budi kuliamini. Ndani ya hema akina mama waliokuwa na watoto walijipapasa migongoni kuhakikisha si wa kwao.

"Ni hitilafu ndogo," Wakoli akasema. Akatafuta X. Hakuna X. Akabonyeza Escape, akabonyeza Alt na F4 kama mtu anayeua siafu. Dirisha likatulia hapohapo. Akabonyeza Control, Alt na Delete. Kale kadirisha ka kuua programu kakachungulia mara moja, kakafunikwa, kakachungulia, kakafunikwa, kama mtu anayejaribu kutoka mtoni na kila mara anasukumwa.

"Chomoa stima!" mtu akapiga kelele nyuma.

Wakoli akachomoa. Kumbe chini ya meza kulikuwa na UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, nayo ikaanza kulia kivyake, pii, pii, pii. Sasa watoto wakawa wawili, mkubwa na mdogo. Hema likaangua kicheko. Hatimaye Wakoli akabonyeza swichi ya kompyuta mpaka ikazima. Mtoto mkubwa akanyamaza, mdogo akaendelea. Akajifuta jasho kwa tai. Akachomeka, akaiwasha. Na kwa kuwa alikuwa ameipanga programu ijifungue kabla ya kitu kingine chochote, kitu cha kwanza watu walichokiona ni weupe, na cha kwanza walichokisikia ni mjukuu wa Pauline, aliyepumzika sasa na mwenye nguvu mpya.

Rotich akainuka kwenda kuzima spika. Ndipo mstari wa mbele akasimama mama mzee wa mashamba ya mteremko wa Elgon, Cherop, ambaye wote walimwita Kogo, yaani nyanya, kwa heshima ya umri wake.

"Wacha!" akasema Kogo Cherop. "Usimnyamazishe mtoto kwa kumziba mdomo. Kwani nyinyi hamkuzaliwa? Mtoto akilia hivi anataka jina. Kwetu tunayataja majina ya wazee waliotangulia mpaka apige chafya. Kwenu Wabukusu si mnataja mpaka anyamaze?"

"Ndiyo, Kogo!" hema likaitikia.

"Basi huyu analia, hapigi chafya. Huyu ni Mbukusu. Baba yake ni nani?"

Wote wakamtazama Wakoli. Hapakuwa na mtu mle asiyeijua desturi hiyo; nusu yao walikuwa wamepewa majina yao hivyo hivyo, wakiwa wekundu na wakali kwenye magoti ya nyanya zao. Waliacha kucheka kama kwenye maonyesho, wakaanza kucheka kama nyumbani kwenye uzazi.

"Andika jina lako, Bwana Wakoli," Rotich akasema taratibu. Miwani yake ilikuwa imeteremka puani, na nyuma yake macho yalikuwa yameanza kuelewa. "Si programu ni yako?"

Wakoli akaandika kwa kidole kimoja: WAKOLI. Kilio kikapanda.

"Amekataa!" watu wakasema.

"Taja babu yako!"

Akaandika jina la marehemu baba yake. Kilio kikapanda zaidi. Akaandika la babu. Mtoto akalia mpaka nguzo ya hema ikatetemeka.

"Woi! Hata babu amemkana!"

"Jaribu wajomba!"

Hapo Phelista aliona kitu usoni mwa Wakoli ambacho hakuwa amekipangia. Aibu alikuwa ameitegemea. Lakini mtu anapomwita baba yake aliyekufa, mbele ya watu wa kwao, na mtoto anazidi kulia, kinachomkuta si aibu tu. Midomo yake ilikauka. Phelista aliitazama midomo hiyo, akajiuliza kama anamhurumia, akajichunguza vizuri kila pembe, akakuta hapana. Akafungua mkoba akatoa pipi.

Wakoli akamwona. Macho yakakutana. Akashuka jukwaani, akaja mpaka mstari wa pili, akainama.

"Mama Taipu," akanong'ona. "Tafadhali. Izime."

"Jina la mtoto halinong'onezwi, bosi."

"Nimeelewa. Nimekosa. Nitaandika jina lako."

"Liandike basi."

Akarudi mbio. Akaandika: PHELISTA. Watu waliokuwa karibu walilisoma kwenye skrini kwa sauti. Wengine wakageuka kumtafuta mwenye jina.

Mtoto hakunyamaza.

"Hilo ni la ubatizo!" Kogo Cherop akaita. "Mtoto hulilia la ukoo! Taja la nyumbani!"

Wakoli akaganda. Mkono uko juu ya kibodi na hauendi popote. Akaandika NEKESA. Kilio. Akaandika NAFULA. Kilio. NASIMIYU. NALIAKA. Alikuwa akizunguka majina ya Kibukusu ya majira yote ya mwaka, mavuno, mvua, kiangazi, palizi, kama mtu anayejaribu funguo za jirani mlangoni pake.

Kidogo kidogo kicheko kikafa. Watu walikuwa wameelewa. Rotich ndiye aliyelisema. "Bwana Wakoli, mlifanya kazi pamoja miaka mingapi?"

"Kumi na tisa," Wakoli akajibu, na kipaza sauti kikalipeleka jibu hilo mpaka barabarani.

"Na jina lake hulijui?"

Wakoli akageukia kibodi. Mtoto alimjibia.

Phelista alikuwa amelipanga hilo tangu mwanzo. Jina lake lingemwangusha, lakini kutolijua kungemzika. Hata hivyo lilipofika, lilimchoma yeye mwenyewe pia, kidogo, mahali ambapo hakutarajia: kweli mtu anaweza kukaa meza kwa meza na mwenzake miaka hiyo yote na asiulize. Pipi ikawa chungu. Akaimeza hivyo hivyo.

"Ukitaka kujua," akasema kutoka kwenye kiti chake, "niulize. Kwa hicho kipaza sauti."

Wakoli akakishika kwa mikono miwili. "Mama..."

"Mimi si mama yako."

"Phelista," akasema. Lilikuwa jina geni mdomoni mwake, alilitamka kama chakula cha moto. "Phelista, jina lako... jina lako la nyumbani ni nani?"

"Khalayi," Phelista akasema. "Nililia siku mbili, wakanitajia wazee wote. Nilinyamaza kwa Khalayi, nyanya ya baba yangu. Sasa litaje wewe, watu wasikie."

"Khalayi. Phelista Khalayi."

"Na aliyeandika programu?"

Wakoli akakisogeza kipaza sauti mdomoni. "Ni Phelista Khalayi ndiye aliandika. Mimi... mimi nilibadilisha jina."

"Haya, andika."

Akalitafuta K, akalipata. Akalitafuta H. Herufi saba, na hema zima lilizihesabu. Alipobonyeza ya mwisho na kupeleka, mtoto alikata kilio katikati, akashusha pumzi moja ndefu, kama wanavyofanya. Kimya kikawa kikubwa hata ile UPS ingeona haya kulia tena.

Dirisha jeupe likajikunja. Likajipatia mpaka, likajipatia X, likashuka kwenye mstari wa chini kama wenzake. Nyuma yake Gunia ikajitokeza, kijani, na juu yake ule ukanda wa bluu ukajiandika upya herufi kwa herufi: GUNIA – PHELISTA KHALAYI.

Kogo Cherop alipiga kigelegele cha kwanza. Vilivyofuata havikuhesabika.

Rotich aliteta na kamati, wala hawakuchukua muda, kisha akasema, "Mama Phelista, njoo utuonyeshe hii programu yako."

Wakoli alikuwa ameanza kukusanya waya zake, macho chini, akijielekeza nyuma ya turubai. Phelista akapanda jukwaani, akamzuia kwa mkono mmoja, taratibu, na mkono wa pili akavuta kiti akakiweka mbele ya kibodi.

"Unaenda wapi, Bwana Wakoli? Bado tuna magunia matatu. Mimi nitawaelezea watu, na nikieleza mikono yangu huwa haitulii. Kaa hapo unisaidie."

"Kufanya nini?"

"Si kitu kikubwa. Mimi nasema, wewe unataipa tu."

Wakoli akamtazama Rotich, Rotich akapata jambo la kufanya na miwani yake. Akawatazama watu. Watu mia mbili walikuwa wakisubiri aketi. Akaketi.

Kogo Cherop alikuwa wa kwanza kuleta gunia mizanini. Phelista akasimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni, vile vile mtu fulani alivyokuwa akisimama ghalani.

"Mkulima: Cherop," akasema. "Uzito, tisini na moja. Unyevu, kumi na tatu."

Kidole kimoja kikaanza kuwinda juu ya kibodi. Phelista akainama kidogo, akasoma skrini, akanyooka.

"Umeandika Cherob. Futa, rudia."